Siku Jumba la Mzungu Lilipoalika Mji

Kazi yangu ya kwanza niliipata katika nyumba ambayo watu wa Mji wa Kale walikuwa hawaingii. Haikuwa na majini wala kaburi. Ilikuwa nyumba ya Mzungu wa forodha tu, hatua chache kutoka Ndia Kuu, ghorofa moja, roshani ya mbao upande wa bahari na nyingine ya ndani inayotazama ukumbi, ngazi pana ya mbele kwa wageni wa Mzungu na mlango mwembamba wa nyuma kwa dunia nzima iliyobaki. Uhuru ulipokuja, Mzungu alifunga masanduku yake akaenda zake. Jumba likabaki na mpishi wake, na popo, na meza ya biliadi ambayo hakuna aliyeweza kuitoa, kwa kuwa aliyeiingiza aliiingiza kabla ya ukuta kujengwa.

Wakubwa wa mji wakaamua liwe Jumba la Utamaduni. Neno hilo lilikuwa jipya vinywani mwetu siku zile. Watu walilitamka kwa uangalifu, kama mtu aliyebebeshwa gilasi ya mwenyewe. Mzee mmoja barazani aliniuliza utamaduni unauzwa kwa ratili au kwa pishi. Nilimjibu vibaya, maana nilikuwa na miaka ishirini na moja na subira sikuwa nayo. Hata sasa sinayo.

Msimamizi wa jumba alikuwa maalim mmoja mstaafu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyewafundisha nusu ya wanaume wa mji kusoma na nusu nyingine kuogopa kusoma. Alitaka karani anayejua kupiga chapa. Mimi nilikuwa nimejifunza mashine kwa miezi mitatu, tena kwa siri, nikimwambia baba kuwa nakwenda kujifunza kudarizi. Maalim alipokuja dukani kuniomba, siri ikatoka, na baba akaendelea kupitisha uzi kwenye sindano.

Baba alikuwa fundi wa makanzu. Mama alifariki nilipokuwa na miaka kumi na sita, na tangu hapo nyumbani tulikuwa wawili na cherehani. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kukubali kwa masharti, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi, kwa kuwa mkali unaweza kumkasirikia.

Tena palikuwa na mposaji. Alikuwa mjane wa kiume wa makamo, mwenye duka la kamba za meli na makapi ya kuzivutia, tumbo lake mbele, roho yake nyeupe. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu mbaya ni rahisi kumkataa. Huyu alikuwa akimpelekea baba samaki kila Jumapili na kuuliza kwa adabu kama jibu limepatikana, na baba akimwambia asubiri kidogo.

Baba alitoa sharti lake siku ile ile dukani, mbele ya Maalim.

"Nenda kafanye kazi mpaka siku ya kufungua hiyo nyumba," alisema. "Siku hiyo nami ntakuja. Nikiwaona watu wa mji na heshima zao wameingia, wanawake kwa wanaume, basi ni nyumba ya heshima, uendelee. Nikikuta masuti matatu na chupa, utarudi nyumbani, na yule bwana ntampa jibu lake."

Nilikubali. Ningekubali hata sharti la kutembea kwa mikono. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa funguo za kitu chochote, na kila asubuhi nilipofungua ule mlango mkubwa wa mbele nilisimama kidogo kizingitini ili wapita njia wanione.

Maalim naye alikuwa na hofu yake. Diwani aliyepewa shauri la jumba alimwambia waziwazi kwamba kama watu wa mji hawalitaki, wapo wanaolitaka: wahandisi wa mitaro walikuwa wakitafuta bohari ya kuwekea mabomba ya maji machafu. Basi yeye mabomba na mimi mposaji, sote tuliitegemea alasiri moja ya Alhamisi.

Maalim alichapisha kadi mia mbili. Zilikuwa nzuri, zenye mapambo ya dhahabu ukingoni, na maneno ya heshima na taadhima mpaka mtu alichoka kabla ya kufika penye tarehe. Tukazitia stempu tukazipeleka posta. Siku kumi baadaye nikapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani atakuja. Nyumba ya kwanza nilikuta kadi imefunika gilasi ya maziwa. Ya pili imechomekwa kwenye kioo, na mwenye nyumba akanionyesha kwa furaha.

"Mtakuja basi?" nikamuuliza.

"Wapi, mwanangu?"

"Kwenye jumba. Mmepata kadi."

"Kadi tumepata, nzuri kweli. Lakini hatujaalikwa. Hajaja mtu."

Nyumba zote nilipata jibu hilo hilo. Hajaja mtu. Hapo nikataka kujipiga, maana mimi ni mtoto wa mji ule, na nilijua tangu nina meno ya utoto kwamba kwetu mtu haalikwi na karatasi. Anaalikwa na mwalishi, mwanamke ambaye kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba na kuwaita watu kwa mdomo wake kwa niaba ya mwenye shughuli. Asipofika, hujaalikwa, na ukienda umejipeleka, na kujipeleka ni jambo la kusemwa miaka saba. Maalim pia alijua. Lakini sote wawili tulikuwa tumeingia ofisini, na ofisi ilitutoa akili.

Mwalishi wa mji alikuwa akiishi Majengo, chumba kimoja, lakini hapakuwa na sebule Mji wa Kale asiyoijua. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwamvuli mkubwa ambao sikumwona akiufungua hata mvua ikinyesha. Nilimkuta akijifukiza udi. Nilimweleza habari ya jumba mwanzo hadi mwisho, na yeye akasikiliza vizuri, kisha akauliza la maana.

"Mwenye shughuli nani?"

"Ni baraza la mji, bibi."

"Mamake nani?"

"Baraza halina mama."

"Babake?"

"Halina baba pia. Ni ofisi."

Aliniangalia kwa huruma. "Mwanangu, nikifika mlangoni kwa watu nikapiga hodi, watu huniuliza nimetumwa na nani. Niwambie nimetumwa na kitu kisokuwa na mama? Watanifungia mlango. Wewe u binti wa nani?"

Nikamtajia baba.

"Fundi wa makanzu! Sasa hapo umesema neno. Haya, nenda zako kalale. Niwachie mimi."

Nikaenda zangu, na kweli nililala. Kosa langu ndilo hilo. Sikumuuliza atasema nini.

Alichosema nilikuja kukijua baadaye, maana alikisema kwa maneno yale yale katika kila nyumba: "Masalkheri. Nimetumwa na fundi wa makanzu wa Ndia Kuu. Awaamkua nyote, wakubwa kwa wadogo. Alkhamisi baada ya laasiri mwaalikwa jumba la Mzungu, muje mumpe mkono, yeye na bintiye." Basi. Hakutaja harusi hata mara moja, na mpaka anafariki aliapa kwamba hakusema uongo, na alikuwa akisema kweli. Lakini mwalishi haendi ila kwa harusi. Fundi ana binti mmoja. Binti hajaolewa. Baada ya hapo nani atauliza swali? Watu walianza kuulizana watavaa nini.

Wiki ile dalili zilikuwepo, lakini mimi nilizisoma nipendavyo. Jirani yetu, mama wa nyumba ya pili, alinitazama akafuta machozi. Mwingine alinishika shavu akaniambia niache kutembea juani. Wasichana wawili kisimani waliniona wakacheka mpaka wakamwaga maji. Nikadhani ni kwa sababu nimekuwa mtu wa serikali. Kazi ya ofisi humvimbisha mtu kichwa haraka sana, hasa ofisi yenye meza ya biliadi.

Baba naye hakushuku kitu. Msikitini watu walimshika mkono kwa nguvu zaidi kuliko kawaida wakamwambia "Mabruki, fundi," naye alijibu "Allah awabariki," akidhani ni pongezi za ile kazi yangu. Alirudi nyumbani jioni moja akaniambia kuwa kumbe watu wanaithamini sana elimu ya kupiga chapa. Alisema amekosea kutonipeleka mapema.

Alhamisi asubuhi nilifika jumbani nikasikia makelele nyuma. Mpishi alikuwa amesimama katika mlango wa jiko, mikono amenyoosha huku na huku, mwiko katika mmoja. Alikuwa mtu wa Rabai, Mkristo, mtaratibu, aliyempikia Mzungu miaka mingi na bado akigonga kengele ya chai saa kumi na moja kamili ingawa wanywaji walikuwa popo. Mbele yake walisimama wanawake kumi na mmoja, masufuria makubwa, magunia ya mchele, na mbuzi wawili.

"Dada," aliniambia, "hawa wanasema wamekuja kupika. Mimi nimeshapika."

Na kweli alikuwa ameshapika. Juu ya meza palikuwa na mikate midogo iliyokatwa pembe tatu, ndani yake vipande vya matango, imepangwa vizuri katika sahani nne. Mmoja wa wale wanawake aliinua kipande, akakitazama juu na chini, akauliza kama kuna mgonjwa.

Jirani yetu alikuja mbele akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, huna mama. Ulidhani tutakuwacha na shughuli yako peke yako?"

"Shughuli gani, mama?"

"Moneni haya zake!" akasema, na wote wakacheka, na mmoja akapiga kigelegele cha kujaribia sauti.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa pamoja: machozi, shavu, kisimani, msikitini, mwamvuli. Ningeweza kusema pale pale. Ningesema, mama zangu, hakuna harusi, mwalishi amewapoteza, rudini na mbuzi wenu. Nao wangerudi. Habari ingefika Ndia Kuu kabla yao, na alasiri diwani angekuta nyumba tupu na matango, na Maalim angepata mabomba yake na mimi bwana wangu wa kamba. Nikajiambia: waache waingie, diwani awaone, baba awaone, utepe ukatwe, kisha nitawaeleza. Nikainamisha kichwa nikanyamaza.

Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyofanya. Na haya za bibi harusi zinapendeza, basi nikakumbatiwa na wanawake kumi na mmoja kwa zamu, nikinuka mbuzi.

Baada ya laasiri mji ukaja. Nimeona umati mkubwa zaidi ya ule maishani mwangu, lakini sijaona ulionitisha zaidi. Walikuja kutoka mitaa yote, na wengine walivuka kutoka Likoni, wakashuka Feri na kutembea mpaka mjini na viatu vyao vya kupendeza mikononi. Wanawake walipanda ile ngazi ya mbele bila kusita, buibui zikichakacha, na walipofika juu wakazivua na dhahabu ikatoka. Wanaume wakajaa chini, ukumbini na uani, na kuizunguka meza ya biliadi wakiigusagusa kwa kidole. Watu ambao miaka yote walipita mbele ya nyumba ile wakitazama upande wa pili walikuwa wakifungua makabati.

Sasa lazima niseme habari ya kile chumba. Maalim alikuwa amepanga vyumba vya juu kwa maonyesho: kimoja ngoma na mazumari, kimoja kamba na vyombo vya mabaharia, na cha tatu, kilichokuwa fahari yake, alikitengeneza chumba cha bibi harusi cha zamani. Palikuwa na samadari, kitanda cha miguu ya kuchonga, mito saba, kioo, tasa la marashi, na asmini mbichi iliyoletwa asubuhi ile. Mimi mwenyewe nilipiga chapa kile kibandiko cha mlangoni: TAFADHALI USIGUSE. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Ukanda wa kiatu ulikuwa umenikata kisigino. Nikaingia pale kujificha, nikakaa ukingoni mwa kitanda kidogo tu, niulegeze.

Mlango ukafunguliwa.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika Forodhani, nina hakika. Kabla sijainuka nilikuwa nimefunikwa leso kichwani, asmini shingoni, na mwanamke nisiyemjua alikuwa akinipaka wanja jicho la kushoto. Mwalishi mwenyewe alikaa miguuni pangu, mwamvuli mapajani.

"Bibi," nilimnong'oneza, "umenifanyia nini?"

"Nimekujazia nyumba," alinijibu. "Si ndilo ulilotaka?"



Maalim akapanda mbio, akasimama nje ya mlango kwa adabu, akaniita. Miwani yake ilikuwa imepanda paji la uso.

"Binti, mbona watu wananipa pongezi? Na diwani amefika, yuko chini, anauliza hii ni shughuli gani!"

Nilisogea mpaka mlangoni, leso kichwani. "Mwambie ni maonyesho, Maalim."

"Maonyesho ya nini?"

"Ya utamaduni."

Alisimama akafikiri. Alikuwa mwalimu kwa miaka thelathini, na mwalimu wa kweli akishapewa jina la somo hawezi kushindwa kulifundisha. Uso wake ukafunguka pole pole. Akashusha miwani, akashuka ngazi, na kupitia tundu za roshani ya ndani nikamsikia akimweleza diwani, kwa sauti ya darasani, kwamba hapa mheshimiwa anaona desturi ya kuwapokea wageni, na hapa desturi ya wanawake kukaa juu, na harufu hiyo ni desturi ya pilau. Diwani alikuwa mtu wa bara, kijana, tai imembana, daftari mkononi. Alikuwa akiandika kila kitu.

Kisha akaja baba, katika kanzu mpya, na uso wa mtu anayekwenda kutimiza ahadi. Watu walimpisha njia. Nilimwona akisimama katikati ya ukumbi, akizungusha macho kutoka kichwa mpaka kichwa, akihesabu wenye heshima, na nikaona mabega yake yanashuka kwa kuridhika. Nilitaka kulia. Nimeshinda, nikajiambia. Sasa nitashuka niseme.

Lakini nje zikasikika dufu.

Mposaji alikuwa amevaa joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu, kilemba, na jambia kiunoni, na juu ya yote hayo tabasamu. Sina wa kumlaumu. Aliambiwa asubiri jibu, akasubiri. Kisha akasikia fundi amealika mji mzima kwa harusi ya bintiye. Mtu angefikiri nini? Alidhani hilo ndilo jibu, na kama baba hakumwarifu mwenyewe basi ni usahaulifu wa wazee. Alikuja na rafiki zake kumi, na shekhe wake, na kikapu cha samaki.

Dufu zikakoma. Nilimwona baba akimtazama yule bwana, kisha shekhe, kisha samaki, kisha akainua uso polepole akaitazama roshani. Hakuweza kuniona nyuma ya mbao zile. Lakini mimi nilimwona, na najua ni dakika gani alielewa.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumfukuza yule bwana, au kunitoa mimi pale kwa sikio. Baba alizungumza na shekhe maneno machache ya chini, akachagua wazee wawili, akaanza kupanda ngazi.

Kila mtu chumbani alijua maana yake. Kwetu, kabla ya kufunga ndoa, baba huja kumuuliza binti yake mbele ya mashahidi wawili. Anamuuliza, na binti ananyamaza, kwa kuwa anaona haya, na kule kunyamaza ndiko kukubali. Hakuna aliyewahi kusikia binti akijibu. Neno lenyewe la kujibia halikuwepo. Wanawake wakanyooshana leso, wakajipanga, na nikaona koo zikiandaliwa kwa vigelegele.

Wazee walibaki nje ya pazia la mlango. Baba aliingia, akasimama karibu na kibandiko changu cha kutogusa. Alikuwa amepauka.

"Mwanangu," alisema. "Watu wamealikwa kwa jina langu nami sikualika mtu. Hilo tutalisema nyumbani. Lakini yule bwana amekuja na shekhe, na mji mzima uko chini, na mimi naona haya kuliko siku yoyote nilopata kuishi. Nakuuliza. Wamtaka?"

Nilikuwa nimenyamaza tangu asubuhi. Kunyamaza ndiko kulikonifikisha pale, na sasa kungenioza. Nilitazama miguu yangu. Mahali fulani chini nilimsikia mpishi akigonga kengele yake, maana ilikuwa saa kumi na moja kamili.

"Simtaki, baba," nilisema. "Nataka kazi yangu."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nimezoea kusema kuishinda mashine. Ilipita pazia, ikawapita wazee wawili, ikashuka ngazi.

"Amesema!" alinong'ona mwalishi, na mwamvuli ukaanguka.

Bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa kiziwi, aliona midomo yangu imecheza akapiga kigelegele kirefu kilichopotea peke yake. Hakuna aliyemfuata. Baba aliniangalia. Nilingoja anikaripie. Akageuka akatoka, na nikasikia hatua zake ngazini, moja moja, na sauti yake ukumbini.

"Mabwana, binti yangu nimemuuliza, naye amejibu. Amesema hapana. Yule bwana namtaka radhi mbele yenu nyote. Jumba hili limefunguliwa leo na mmeingia, basi litazameni. Na kuna pilau. Msiiwache ikapoa."

Kwa muda hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya na mikono yake. Kisha kukasikika makofi. Alikuwa diwani. Alikuwa amesimama, daftari kwapani, akipiga makofi kwa moyo wake wote. Na watu wa mji, ambao ni watu wa adabu na hawamwachi mgeni apige makofi peke yake, wakapiga pia.

"Ajabu kabisa," nilimsikia akimwambia Maalim. "Na kila Alhamisi huwa anakataa?"

"Hutegemea, mheshimiwa," alisema Maalim.

Mposaji alikaa chini kwenye kiti kwanza, kama mtu aliyeshuka chombo. Kisha akavua joho kwa ajili ya joto, akala sahani mbili, akapanda chumba cha mabaharia, na baada ya kitambo akamwita Maalim kumwambia kwamba zile kamba zimefungwa mafundo ya kipumbavu. Akazifungua zote akazifunga upya. Nilimwonea huruma siku ile, na heshima pia, lakini sikutaka kuolewa na huruma. Mikate ya matango ililiwa yote. Wanaume walidhani ni dawa ya kuteremshia pilau, na mpishi alisimama kando akitabasamu, kwa kuwa Mzungu hata siku moja hakumaliza sahani.

Mabomba hayakuja. Diwani aliandika kurasa sita.

Tulirudi nyumbani kabla ya magharibi, baba mbele, mimi nyuma yake hatua mbili, wanja katika jicho moja. Ndia Kuu nzima ilikuwa barazani ikitutazama, na baba alimsalimia kila mtu kama kawaida, wala hakuharakisha. Mimi nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba radhi, nikiyapanga na kuyapangua. Tulipofika mlangoni nikaanza, "Baba, nisamehe, mwalishi—"

"Kesho mwaingia saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa mbili."

Akatia ufunguo mlangoni, lakini hakuuzungusha. Alisimama akiutazama mkono wake.

"Mamako siku ile alipoulizwa alinyamaza," alisema. "Walishuka wakanambia amenyamaza, nami nikafurahi. Nimekaa naye miaka kumi na minane, na sikumuuliza tena. Mpaka leo sijui alinyamaza kwa kunitaka ama kwa kuona haya."

Kisha akafungua, akasimama kando, akaniacha mimi nitangulie.